Kokoto Ndani ya Pipa la Belmiro

Lyon, Ufaransa
5 Agosti 1984

Mdogo wangu Etelvina,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na magoti yako bado yanaelewana na zile ngazi za mizabibu. Sisi hapa hatujambo. Kaa kitako kwanza, maana nina habari: nakuja. Miaka ishirini inatosha. Tutafika tarehe ishirini na mbili Septemba, mavuno yakiwa yamepamba moto, tukae siku nne. Nakuja na mke wangu Odile, binti yetu Solange, na mjomba wa Odile, Bwana Gaspard, ambaye amefanya biashara ya mvinyo tangu ujana wake. Odile aliona picha za bonde letu kwenye gazeti, mto Douro chini na kuta za mawe zimepanda hadi kileleni, akaniuliza, "Kumbe huku ndiko kwenu, na ulikuwa unaninyima?" Anataka kuona kila kitu: mashua za zamani zilizobeba mapipa, ukanyagaji wa zabibu, kanisa, kaburi la baba.

Usihangaike na malazi. Tumeshaweka vyumba katika hoteli ya kando ya stesheni. Najua nyumba ni ndogo na uko peke yako.

Lakini kubwa ni hili. Solange anaolewa Mei mwakani, na nataka harusini kwake tunywe pipa langu, lile baba alilolijaza mwaka niliozaliwa akaliandika kwa chaki "Belmiro 1943". Najua desturi ya kijijini Valdarcas ni mtu kulifungua siku ya harusi yake mwenyewe. Mimi nilioa ofisini kwa meya, mashahidi wawili na mvua juu, hakukuwa na pipa wala nini. Naona zamu yangu imehamia kwa binti yangu. Mjomba Gaspard atalionja kidogo, atuambie lisafirishwe vipi. Nijibu kama bado lipo, na kama lina kitu ndani.

Kaka yako akupendaye,
Belmiro


Valdarcas
16 Agosti 1984

Kaka Belmiro,

Barua yako imefika. Nimeisoma mara tatu, mbili nikiwa nimekaa kitako kama ulivyoagiza.

Pipa lipo. Limejaa mpaka kwenye kizibo. Umeuliza kama pipa lina kitu ndani, hukuuliza kama mimi nina kitu tumboni, lakini tuyaache hayo.

Kuhusu hoteli, sawa. Kitanda chako kilitandikwa mwaka sabini na nne, redio iliposema waliokimbia vita vya Angola wanaweza kurudi nyumbani. Shuka zake nimezifua kila Pasaka. Sasa paka atalala kwa raha.

Naomba jambo moja tu. Mkifika, msiingie ghalani bila mimi. Wakati wa mavuno natoka alfajiri kwenda kukata zabibu na jioni nipo kwenye tangi nakanyaga, sina hata dakika. Nisubirini tumalize. Pipa nitalifungua mwenyewe, wewe ukiwa umesimama pale, kwa sababu lina mambo yake ambayo lazima uyasikie kabla hujalionja. Huyo mjomba wa mkeo naye asubiri, hata kama anaujua mvinyo kuliko mvinyo unavyojijua.

Mwambie Solange aje na nguo ambazo hatazililia.

Etelvina


Lyon
1 Oktoba 1984

Etelvina,

Sikuaga. Najua. Niliogopa nikifungua mdomo ningesema maneno ambayo yasingefutika mbele ya mke wangu. Sasa niko mbali, nayasema.

Siku ya tatu ulikuwa mashambani. Mjomba Gaspard alishachoka kusubiri, na kesho yake tulikuwa tunaondoka. Ufunguo wa ghala ulikuwa palepale nyuma ya mlango, kwenye msumari uleule wa utotoni. Tukaingia. Nikaona mwandiko wa baba kwenye pipa langu, na sioni aibu kukwambia kwamba nililia. Gaspard akang'oa kizibo, akavuta kidogo kwa mrija wake wa kioo, akaonja, akatema. Akaonja tena. Halafu akanitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonimaliza.

"Rafiki yangu," akasema, "huu si mvinyo wa mwaka mmoja. Kuna wa zamani, na kuna mwingine uliozaliwa miaka kadhaa baadaye. Na huo mdogo ndio mwingi."

Nikabisha. Nikamwambia dada yangu hawezi kufanya hivyo. Basi akalishika pipa pande mbili, akalitikisa, tukasikia mawe. Mawe, Etelvina! Yanagongana huko chini. Nilizoea kusikia kwamba mlanguzi wa viazi hutia mawe ndani ya gunia. Sikujua kama na nyumbani kwetu tumefika huko.

Nikaligeukia pipa lako, "Etelvina 1947", nikaligonga kwa kidole. Tupu! Limekauka mpaka buibui amejenga.

Sihitaji kuambiwa zaidi. Lako ulilinywa, au uliligawa, shauri yako. Lilipoisha ukaligeukia langu. Ukachota, ukajazia mvinyo wowote uliopata, na ulipokosa mvinyo ukajazia mawe. Halafu ukaniandikia bila kupepesa macho kwamba limejaa mpaka kwenye kizibo! Na ukatukataza kuingia ghalani bila wewe. Sasa nimeelewa kwa nini.

Umenivua nguo mbele ya wakwe zangu. Tukiwa kwenye treni Solange akaniuliza, "Baba, kwani shangazi ametuibia?" Mei nitatuma mtu alichukue pipa kama lilivyo, na mawe yake, kwa sababu lina jina langu. Mpaka hapo usiliguse.

Belmiro


Valdarcas
9 Oktoba 1984

Belmiro,

Leo sikuiti kaka. Mdomo umekataa.

Ulikuja kwenu kama mtalii. Siku nne, na kila siku suruali nyeupe! Mkeo alikata zabibu asubuhi nzima, akajikata kidole, akakifunga kwa leso, akaendelea. Yule namheshimu. Solange aliingia kwenye tangi na sisi, mstari wa mbele, tumeshikana mabega, na hakutoka mstarini mpaka saa mbili nzima zilipotimia. Yule ni wetu. Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa umesimama pembeni na kamera, unanipiga picha miguu yangu ya zambarau. Na kaburini kwa baba ulikaa muda wa "Baba Yetu" mmoja tu. Nilikuwa nyuma yako, niliusikia ukianza na nikausikia ukiisha.

Nilikuomba jambo moja. Moja! Ukaingia ghalani kwangu kama mpangaji anayekagua choo. Ukaligonga pipa langu kwa kidole chako. Kijijini hapa hakuna anayegonga pipa la mwanamke ambaye hajaolewa isipokuwa fundi mapipa, tena akiitwa. Au na hilo lilikudondoka njiani kwenda Lyon?

Na huyo bingwa wenu, mwenye ulimi wa dhahabu, unajua alikirudisha vipi kizibo? Kwa kiganja! Hakutafuta nyundo. Mimi niliingia ghalani siku nne baada ya nyinyi kuondoka, tulipomaliza kukanyaga, nikakuta vijinzi vya siki, vile vinavyofuata mvinyo unaochacha, vinazunguka pipa lako. Hivyo navyo umevisahau? Miaka ishirini pumzi ya nje haikuingia humo bila ruhusa yangu. Mabingwa mmelifungulia mlango mkaenda zenu.

Unataka kujua mawe yale ni ya nini. Sikwambii. Kaulize wanaojua kazi. Mtu akikuita mwizi kwa barua, humjibu kwa barua ukimweleza kwa upole kama unamfundisha katekisimu. Nina hasira kiasi kwamba jana nimeunguza supu ya kabichi, jambo ambalo halijanitokea tangu kipaimara.

Na huyo mtu wa Mei usimtume. Atapanda ngazi zote zile bure, na mbwa ninaye.

Etelvina


Valdarcas
20 Oktoba 1984

Bwana Belmiro,

Mimi Zeferino, fundi mapipa, mtoto wa marehemu Anacleto wa mtaa wa chini. Tuliwahi kuiba cheri pamoja kwa padri, wewe ukakimbia, mimi nikashikwa. Sina mwandiko mzuri, na Etelvina akijua nimekuandikia atanipasua kichwa kwa nyundo yangu mwenyewe. Lakini amenionyesha barua yako. Tangu siku ile nimeshaharibu pete mbili za chuma za mapipa kwa hasira.

Umesahau kazi, ngoja nikukumbushe. Pipa linapumua. Kila kiangazi linapungua, na dogo kama hayo ya kwenu, la lita sitini, linapoteza lita mbili kwa mwaka, mwaka wa joto kali na zaidi. Usipojazia, hewa inakaa juu na mvinyo unageuka siki. Wenye maghala makubwa wana mvinyo mwingi wa kujazia. Nyumba yenu ilikuwa na nini? Mavuno yote mliuza mabichi kila mwaka kwa ghala kubwa, hata tangi tunalokanyaga ni lao. Mvinyo wa zamani mle ndani ulikuwa mapipa mawili tu, lako na la mdogo wako; ule wa babu yenu, ambao mzee aliyajazia nao zamani, ulikuwa umekwisha.

Ulipovuka mpaka mwaka sitini na nne kukimbia jeshi, baba yako hakulitamka jina lako miezi mingi. Februari iliyofuata akamwita baba yangu, na mimi nikaja nimebeba vifaa. Tukafungua pipa lako. Lilikuwa limeshuka vidole vinne. Mzee akasema, "La huyu lisishuke. Nasema lisishuke!" Baba yangu akamuuliza, litajaziwa na nini? Etelvina alikuwa hajatimiza miaka kumi na minane. Hakuambiwa na mtu. Alikwenda kwenye pipa lake, akachota, akaja akajaza la kwako mpaka juu. Baba yako akavua kofia.

Kila Februari ikawa hivyo. Mzee alipolala asiweze kuamka, alikuwa haulizi habari za mizabibu wala za mbuzi. Alikuwa anauliza, "Limejaa?" Dada yako anamjibu, "Limejaa, baba." Hayo nimeyasikia kwa masikio yangu.

Mwaka sabini nilimposa. Unaijua desturi, bibi harusi anafungua pipa lake na wageni wote wanakunywa. Akaniambia, "Nikilifungua langu, la Belmiro nitalijaza na nini? Tungoje arudi." Nikangoja miaka mitatu. Mimi sina moyo kama wake. Nikaoa mwingine, alikuwa mke mwema, alifariki mwaka juzi.

Pipa la Etelvina liliisha Februari ya themanini na moja. Tangu hapo tunatia kokoto. Anaziokota mwenyewe mtoni, nyeupe tupu, anazichemsha mara tatu, anazidondosha moja moja kwenye tundu mpaka mvinyo upande juu na hewa ikose pa kukaa. Wazee wetu walifanya hivyo walipoishiwa, na hakuna aliyewaita walanguzi wa viazi.

Mjomba wa mkeo hakukosea. Mvinyo ule umechanganywa. Ni wewe na yeye mle ndani, na aliye mwingi ni yeye.

Kuna jambo jingine, lakini si langu kulisema.

Zeferino


Lyon
2 Novemba 1984

Etelvina,

Zeferino ameniandikia. Usimpige.

Nimekaa wiki nzima natafuta maneno ya kuomba radhi, na kila nikiyafikia nakuta hasira imekaa mbele yake. Nani alikuomba? Mimi nilikuomba? Kila Krismasi umeniandikia habari za mvua, za paka, za nani amekufa, na hili hukuliandika hata mara moja! Miaka ishirini nimekuwa nakunyonya bila kujua, halafu nikakuita wewe mwizi, tena nikakuita kwa mwandiko mzuri. Umeniacha nijidhalilishe mwenyewe. Nimemwambia Solange ukweli, akaondoka mezani bila kula.

Unataka kujua kwa nini sikurudi mwaka sabini na nne? Siku ninaondoka, baba alinikuta jikoni nafunga mkate kwenye kitambaa. Akasema, "Nimezaa mwoga." Hakuongeza neno. Nilitembea milimani siku tisa na neno hilo. Alipokufa sikuweza kuja. Njia ilipofunguka nikajiambia, mwenye kulifuta yuko kaburini, nirudi kwa nani? Ndiyo maana nilikaa pale muda wa "Baba Yetu" mmoja. Ndiyo maana ya hoteli. Sikuweza kulala chumba cha juu ya jikoni pale, Etelvina, na sikuweza kukwambia.

Na kumbe alikuwa anauliza kama limejaa! Ungeniandikia hilo tu. Baba anauliza kama limejaa. Ningerudi kwa miguu, jeshi litake lisitake.

Nakuomba hivi. Mwambie Zeferino aliloweke pipa lako mpaka mbao zivimbe, umimine humo nusu ya langu. Au zaidi ya nusu, ile iliyo yako. Itakayobaki mwachie Solange kwa ajili ya Mei. Nisamehe kwa yote niliyoandika. Bado nimekukasirikia.

Belmiro


Valdarcas
14 Novemba 1984

Kaka Belmiro,

Mvinyo haurudishwi kama sufuria ya jirani. Na hata ungerudishwa, kile kizibo cha kiganja kilishafanya kazi yake. Zeferino alionja tarehe kumi na mbili Oktoba, akakunja uso. Akasema Krismasi utafika, Mei haufiki. Nililia palepale ghalani, nikapiga teke kapu la zabibu, nikaumia kidole gumba.

Zeferino alikuwa amepiga magoti anapekua mfuko wake wa vifaa. Bila hata kuinuka akaniuliza swali lake la mwaka sabini. Nilikuwa nimeshika nyundo, kwa hiyo ni mwanamume jasiri. Nikamwambia, "Aliyekuwa anangojewa amekuja na ameondoka. Twende kwa padri."

Jumapili tatu tukatangazwa kanisani. Jumapili ya nne ilikuwa siku ya Mtakatifu Martinho, kila nyumba inachoma njugu za kastanha na kuonja mvinyo mpya, na siku hiyo tukafunga ndoa. Barua yako ilikuwa imefika Alhamisi. Niliisoma nikiwa na sindano mdomoni, napunguza gauni la mama. Nililia, halafu nikakasirika upya. Jumapili bibi harusi akatakiwa afungue pipa lake. Langu ni kavu, wewe mwenyewe uliligonga. Nikafungua la kwako.

Tumelinywa lote, Belmiro. Zaidi ya nusu lilikuwa langu. Hiyo yako iliyobaki nimeichukua kwa lile neno "ametuibia". Kijiji kizima kilikuja. Padri alikunywa glasi nne, akasahau lile la cheri na akakutaja kwa wema. Mwishoni ulikuwa umeanza kuuma kidogo, lakini mwanzoni, kaka, ulikuwa mtamu hadi watu waliacha kuongea. Kokoto zilipobaki chini tukazigawa, kila mgeni akafyonza moja. Ya kwako nimeifunga ndani ya barua hii. Sijaiosha.

Kwa nini sikukuandikia? Kabla ya sabini na nne barua zilifunguliwa na polisi, unajua. Baada ya hapo nilitaka kukwambia kwa mdomo, mkono wako ukiwa juu ya pipa. Nilidhani ni suala la mwezi mmoja, utashuka kwenye treni. Ikawa miaka kumi. Ulipoandika kwamba unakuja nilijisemea sasa ndiyo siku, na nikakuomba unisubiri. Neno alilokwambia baba jikoni sikulijua mpaka Alhamisi. Ningelijua ningemkalisha kitandani pale na asingekula mpaka alifute. Hukutakiwa kulibeba peke yako, na hilo nalo limenikasirisha.

Solange nimemwekea chupa tatu, nilizozijaza kabla mgeni yeyote hajaonja. Nimezifunga kwa nta, zitavumilia mpaka Mei. Mwambie shangazi hajamwibia.

Mapipa yote mawili yameoshwa. Moja tumelijaza mvinyo wa mwaka huu nilioununua tangini, ule aliokanyaga Solange. Sijaliandika jina, chaki iko juu ya rafu. Litapungua kama mengine yote, na mimi sijazii pipa la mtu tena. Njoo Februari ulijaze mwenyewe. Kitanda chako nimekitandika, paka amenuna hataki hata maziwa. Na usihangaike kuandikia ile hoteli ya stesheni. Februari yote wanafunga. Nimeshuka mpaka kule kuwauliza.

Dada yako, ambaye bado amekasirika,
Etelvina